Mbwa Langoni, Lazaro Langoni

Wapendwa waamini, juma hili tumeona vema tutafakari pamoja jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno: upendo uliopo kati ya familia zetu na mbwa wanaowafuga. Tumeona vema kwa sababu swali lake limekuwa likirudi mara kwa mara. Watoto wa katekesi huuliza kama mbwa wao aliyekufa amekwenda mbinguni. Wazazi huuliza wawajibu nini watoto hao. Wazee huuliza, tena kwa ukali kidogo, imekuwaje siku hizi mbwa alale kwenye kochi ilhali mtoto wa jirani analala sakafuni. Na wapo wasiouliza lolote, bali hulia kimya kimya, kwa kuwa wanaona haya kukiri mbele ya watu kwamba wanamlilia mbwa.

Hao wote wanastahili jibu, na jibu letu kwa kifupi ni hili. Upendo wa familia kwa mbwa wake ni zawadi ya kweli itokayo kwa Mungu, wala hakuna sababu ya kuuonea haya. Lakini kila upendo una kipimo chake, na kipimo cha upendo huu kipo langoni pa nyumba, mahali pale pale mbwa anapolala. Ukitaka kujua kama mapenzi yako kwa mbwa ni ya Kikristo, usimtazame mbwa peke yake. Mtazame na yule mtu anayesimama langoni pako.

Urafiki mkongwe

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wapo wanaosema kwamba kumpenda mbwa ni mambo ya Wazungu, yaliyotujia kwa njia ya runinga. Sivyo. Urafiki wa mwanadamu na mbwa ni mkongwe kuliko kilimo, mkongwe kuliko ufugaji wa ng'ombe na mbuzi, mkongwe kuliko mji wowote uliopata kujengwa. Mwaka 1914, wachimbaji wa mawe huko Oberkassel, karibu na jiji la Bonn nchini Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mbwa. Mwaka 2018 wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa yule walieleza kwamba alikuwa bado mdogo, wa miezi sita au saba hivi, na kwamba kabla ya kufa aliugua ugonjwa mkali kwa majuma kadhaa. Asingeweza kuishi muda huo wote bila mtu wa kumpa joto, kumsafisha, kumnywesha maji na kumlisha.

Tulitafakari hilo, ndugu zetu. Mbwa mdogo aliye mgonjwa hawindi wala halindi. Hana faida yoyote. Hata hivyo watu wale, ambao hawakuwa na ghala wala shamba, walimuuguza. Na alipokufa walimlaza kaburini pamoja na watu wao.

Bara letu nalo linaujua urafiki huo. Wafugaji wetu wamelala kwa amani, vizazi kwa vizazi, kwa sababu mbwa walikesha kando ya zizi wakimnusa fisi na chui. Katika misitu ya Kongo wawindaji wamekuwa na mbwa wasiobweka, ambao ulimwengu huwaita Basenji, na huwavisha kengele za mti shingoni ili wajue waliko vichakani. Babu zetu hawakumlaza mbwa kitandani, lakini walimpa jina, Simba au jina jingine lenye fumbo kwa jirani. Na jina halitolewi ovyo. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ili awape majina, nacho kitendo hicho kilikuwa mwanzo wa uhusiano na mwanzo wa wajibu. Ukimpa kiumbe jina, huwezi tena kusema humjui.

Lililo jipya siku hizi ni mahali pa mbwa. Ametoka zizini akaingia uani. Ametoka uani akaingia sebuleni. Nyumba zetu za mijini zimezungushiwa kuta, majirani hawaonani, watoto hawatoki kucheza, na wazazi hurudi usiku wakiwa wamechoka. Katika nyumba ya namna hiyo, anayemlaki mtoto arudipo kutoka shuleni mara nyingi ni mbwa. Bibi aliyebaki peke yake, baada ya watoto kuhamia mbali, huzungumza na mbwa wake jioni kwa sababu hakuna mwingine wa kuzungumza naye. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda, homoni iitwayo oksitosini huongezeka mwilini mwa wote wawili, nayo ni ile ile inayoshiriki katika kumfungamanisha mama na mtoto wake mchanga. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mbwa mambo si hivyo: ukimtendea wema, wema huo hukurudia ukitikisa mkia.

Maandiko Matakatifu yasemavyo

Ni kweli kwamba kwa sehemu kubwa Maandiko Matakatifu hayamsifu mbwa. Katika Israeli ya kale alikuwa mla mizoga wa mitaani, na jina lake lilikuwa tusi. Goliathi alipomwona Daudi akimjia na fimbo, alikasirika kwa kuona kwamba anatendewa kama mbwa. Hata katika Kiswahili chetu mbwa koko ni neno la kumdhalilishia mtu.

Lakini tukifungua Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, tunakuta jambo la kupendeza. Kijana Tobia anasafiri kwenda nchi ya Wamedi kufuata fedha za baba yake aliyepofuka. Anaongozwa na malaika Rafaeli, ingawa hamtambui. Naye mwandishi mtakatifu anaongeza, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa, kwamba mbwa alifuatana nao. Mbwa huyo hafanyi muujiza wowote. Hatajwi jina, wala hatuambiwi kwamba alimwokoa mtu. Ila safari inapofikia mwisho, na kijana anarudi ili macho ya baba yake yaponywe, mbwa bado yupo nyuma yao. Yeye alifuata tu, kwenda na kurudi. Na Roho Mtakatifu hakuona vibaya jambo hilo liandikwe.

Lipo na fundisho zito zaidi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Dhamiri yake ilikuwa imelala. Ndipo Mungu akamtuma nabii Nathani, naye nabii hakuanza kwa kumkumbusha mfalme amri za Mungu. Alimsimulia habari za maskini mmoja aliyekuwa na mwanakondoo jike mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wake, akala katika chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake kama binti. Kisha akaja tajiri akamchukua mwanakondoo yule na kumchinjia mgeni wake. Daudi akawaka hasira. Ndipo nabii akamwonyesha kwamba mtu huyo tajiri ni yeye mwenyewe.

Tazameni hekima ya Mungu. Ufunguo uliofungua moyo wa mfalme ulikuwa upendo wa maskini kwa mnyama wake. Nathani hakuucheka upendo huo, wala Daudi hakuona ajabu kwamba mtu ampende mnyama kama binti yake. Wote wawili waliuelewa. Lakini Mungu hakutaka Daudi abaki kumhurumia mwanakondoo. Alitaka huruma hiyo imfikishe kwa Uria. Hapo ndipo ilipo siri yote ya tafakari yetu. Upendo kwa mnyama ni mzuri, na uzuri wake hukamilika unapokuwa njia ya kutufikisha kwa mwanadamu.

Watakatifu wetu wanalishuhudia hilo. Mapokeo yanasema kwamba Mtakatifu Roko, alipougua tauni na kujitenga msituni, mbwa alimletea mkate; ndiyo maana picha zake humwonyesha akiwa na mbwa ubavuni. Mtakatifu Yohane Bosco, alipowahudumia vijana maskini wa Turin katika miaka ya 1850, alisindikizwa usiku na mbwa mkubwa wa kijivu aliyemwita Grigio, ambaye zaidi ya mara moja alimwokoa kutoka kwa watu waliotaka kumdhuru. Katika simulizi hizi zote mbwa yupo upande wa mwenye kuteseka na upande wa anayewahudumia maskini.

Kuhusu machozi

Sasa tuseme juu ya kifo cha mbwa, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi huumia, na hapo ndipo wengine huongeza maumivu kwa maneno yao.

Mbwa huishi miaka 10 hadi 13 hivi, wengine zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mtoto aliyempokea mbwa akiwa darasa la kwanza huenda akamzika kabla hajawa mtu mzima. Kwa watoto wengi hicho ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu. Yale watakayojifunza siku hiyo watayachukua hadi siku watakapowazika babu na bibi zao, na siku moja sisi wazazi wao. Kwa hiyo tunawasihi wazazi mambo mawili. La kwanza, msiseme, "Ni mbwa tu, tutanunua mwingine." Mtoto anayeambiwa hivyo hajifunzi kwamba mbwa ni kitu kidogo, anajifunza kwamba apendwaye anaweza kubadilishwa kama balbu iliyoungua. La pili, msidanganye. Wapo wazazi wanaosema mbwa amesafiri, au amekimbia, au amepelekwa shambani. Mtoto hukaa langoni akimngoja, na siku anapoujua ukweli hulia mara mbili: analia kwa mbwa, analia na kwa wazazi wake.

Msidhani kwamba uchungu huo ni wa watoto peke yao. Mwezi Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans nchini Marekani na maji yakaufunika, wapo watu waliokataa kuondoka na waokoaji kwa sababu mbwa wao hawakuruhusiwa kwenda nao. Walibaki katika hatari ya kufa. Mwaka uliofuata, 2006, nchi hiyo ilitunga sheria inayotaka mipango ya kuwaokoa watu wakati wa maafa iwafikirie na wanyama wao wa nyumbani. Mtu anaweza kuwashangaa watu wale. Sisi twaona afadhali tujiulize mzee wa miaka 80, asiye na mke wala mtoto wa karibu, alikuwa amebakiwa na nani mwingine duniani.

Na je, mbwa huenda mbinguni? Hapa tuseme kwa uangalifu, tusizidishe wala tusipunguze. Mwezi Desemba 2014 ilienea habari duniani kote kwamba Papa Fransisko alimwahidi mtoto mmoja kwamba paradiso ipo wazi kwa viumbe vyote. Habari hiyo haikuwa sahihi, na vyombo vya habari viliisahihisha baadaye. Maneno yale yalikuwa yakinasibishwa tangu zamani na Mtakatifu Papa Paulo wa VI. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mwanadamu haifi, na kwamba ya mnyama haiendelei kuwapo mwili wake unapokufa. Kanisa halijatamka fundisho rasmi kuhusu hatima ya mnyama mmoja mmoja. Lakini Mtakatifu Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anatuambia kwamba viumbe vyote vinaugua vikingoja kukombolewa kutoka katika utumwa wa uharibifu. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na nafasi yake.

Basi mtoto akikuuliza, mwambie ukweli huo kwa lugha yake. Mwambie kwamba Bwana Yesu alisema hakuna shomoro hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu, na kwamba mbwa wake naye yupo mikononi mwa Mungu huyo huyo mwema. Jibu hilo linatosha, nalo ni la kweli. Misa ya kuwaombea marehemu ni kwa ajili ya wanadamu, waliokombolewa kwa damu ya Kristo, na hatuombi Misa ya namna hiyo kwa ajili ya mbwa. Lakini hakuna kinachoizuia familia kukaa pamoja jioni, kumfukia mbwa wao kwa heshima pembeni mwa uwanja, na kumshukuru Mungu kwa miaka aliyowapa pamoja naye.

Mpangilio wa upendo

Baada ya kuyasema hayo yote, tusiogope kusema na upande wa pili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2416 hadi 2418, inatufundisha mambo ambayo ni lazima yashikwe pamoja. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea wema. Kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Kwamba ni halali kuwapenda, ila tusiwape ule upendo unaostahili watu peke yao. Na kwamba haifai kutumia kwa ajili yao fedha ambazo zilipaswa kwanza kupunguza taabu za wanadamu.

Marehemu Papa Fransisko alilisemea jambo hili kwa ukali wa kibaba. Tarehe 5 Januari 2022, akizungumza na mahujaji, alisikitika juu ya wenzi wanaokataa kuzaa huku wakifuga mbwa na paka mahali pa watoto. Na mwezi Mei 2023, katika mkutano mjini Roma kuhusu kupungua kwa watoto wanaozaliwa, alisimulia habari za mwanamke aliyemwomba ambariki mtoto wake, kisha akafungua mkoba, na ndani yake mlikuwa na mbwa. Papa alimkemea, akimkumbusha watoto wengi wenye njaa.

Watu wengi duniani walikasirishwa na maneno hayo. Huku kwetu wengi waliyafurahia, wakidhani kwamba yanawahusu watu wa mbali. Kwetu watoto si haba, ashukuriwe Mungu. Lakini tusijipongeze upesi. Kwetu jaribu hili lina sura nyingine. Tunazijua nyumba ambamo mbwa ana daktari wake, na dada wa kazi akiumwa huambiwa alale kidogo atapona. Tunazijua nyumba ambamo nyama ya mbwa hununuliwa kila Jumamosi bila kukosa, na mlinzi wa usiku anadai mshahara wa miezi miwili. Mlinzi huyo na mbwa huyo wanakesha pamoja kwenye lango moja, wanapigwa na baridi moja. Asubuhi mmoja wao huitwa kwa jina na kupapaswa kichwa, mwingine huitwa "wewe."

Hapo Injili ya Luka inasimama mbele yetu. Langoni pa tajiri alilala maskini jina lake Lazaro, mwili wake umejaa vidonda, akitamani kushibishwa na makombo ya mezani. Bwana wetu anasema kwamba mbwa walikuja wakamlamba vidonda vyake. Waliofika karibu na Lazaro walikuwa mbwa, tajiri hakufika. Hatujui mbwa wale walikuwa wa nani. Lakini kama mmoja wao alikuwa wa nyumba ile, basi mbwa alimtambua jirani ambaye bwana wake hakumwona. Siku ya hukumu isije ikawa mbwa wetu ndio mashahidi wetu, kwamba wao walimjua maskini wa langoni kwa harufu yake, na sisi hatukumjua hata kwa jina.

Hatusemi kwamba mbwa anyang'anywe chakula chake. Nathani hakumwambia Daudi aache kumhurumia mwanakondoo. Tunasema kwamba mkono uliojifunza ukarimu kwa mbwa usijikunje unapofika kwa mtu. Aliyeweza kuamka saa nane za usiku kumwangalia mbwa anayetapika anao moyo unaoweza kuamka kwa ajili ya jirani mgonjwa. Moyo huo tayari upo. Tunaomba tu uende mbele hatua moja.

Wajibu wetu kwa mbwa na kwa jirani

Na kwa kuwa upendo wa Kikristo huonekana katika matendo, tutaje machache yaliyo wazi.

Kwanza, mbwa asitendewe kikatili. Yupo mbwa anayefungwa mnyororo mfupi juani mchana kutwa, bila maji, ili usiku awe mkali. Wapo watoto wa mbwa wanaotiwa ndani ya mfuko na kutupwa jalalani. Kitabu cha Methali chasema kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, na amri ya Sabato ilimpa pumziko hata mnyama. Tanzania pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mkristo asingoje sheria imlazimishe kumpa mbwa bakuli la maji, kivuli, na ugali wenye dagaa kidogo.

Pili, mbwa achanjwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zake zikishatokea, mgonjwa huwa karibu hana nafasi ya kupona. Lakini inatosha kuwachanja mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo ili ugonjwa ukosee njia ya kuenea. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku ile ile, bila kupitia kwa mganga wa kienyeji. Anayesema anampenda mbwa wake na hamchanji anaweka rehani maisha ya watoto wa mtaa mzima, na watoto wake wakiwa wa kwanza.

Tatu, jirani aheshimiwe. Wengi wetu tunaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, ambao kwa mafundisho ya dini yao mate ya mbwa ni najisi. Methali yetu yasema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Basi sisi tunaocheza naye ndio wenye wajibu wa kuhakikisha hamfuati mtu msikitini, wala haingii barazani pa jirani anayetawadha. Wala tusidhani kwamba wao humchukia mbwa. Kurani, katika sura ya Al-Kahf, inasimulia habari za vijana waliolala pangoni na mbwa wao akiwa kizingitini. Lango safi na mbwa aliyefungwa kamba kwa wakati wake ni heshima inayojenga amani mtaani kuliko hotuba nyingi.

Nne, tunapendekeza jambo moja kwa familia za parokia. Kanisa linayo ibada ya kuwabariki wanyama katika Kitabu cha Baraka, na katika sehemu nyingi duniani hufanyika siku ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba. Atakayependa mbwa wake abarikiwe siku hiyo amlete akiwa na kamba na cheti cha chanjo. Na katika mkono mwingine alete kilo moja ya unga kwa ajili ya kapu la wahitaji. Mikono yote miwili iwe na kitu.

Wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo juma hili tusome sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli na sura ya 16 ya Injili ya Luka. Kisha kila familia ijiulize nyumbani kwake, bila kumnyooshea jirani kidole: Mbwa wetu anaitwa nani? Je, mlinzi wetu anaitwa nani, ana watoto wangapi, na mara ya mwisho alikula nini? Yule mama anayepita kila asubuhi akiomba chupa tupu, je, tunalijua jina lake?

Mwenyezi Mungu, aliyeviumba vyote akaona kwamba ni vyema, awafariji wanaoomboleza, makubwa kwa madogo. Azilinde nyumba zenu na wote wanaolala langoni penu. Na awabariki ninyi nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!